Mafuta ya pistoni za tarumbeta na utando unaoganda ndani: mwongozo kwa wapigaji wa Lamu na Malindi

Pistoni ikikokota katikati ya zefe la harusi, mkono hukimbilia chupa ya mafuta. Mara nyingi mafuta yamo tele, ila yamechanganyika na mate, sukari na mafuta ya aina nyingine yakawa utando wa kunata. Matone mapya juu ya utando huo huulegeza kwa muda mfupi tu, kisha pistoni hukwama tena.

Mafuta ya pistoni huuzwa mepesi, ya kati na mazito. Kazi yake ni kujaza nafasi kati ya pistoni na silinda, nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, ili chuma zisisagane na hewa isivuje. Tarumbeta mpya inataka mepesi. Iliyopita mikono mingi, kama nyingi za beni, imelika ndani na inataka ya kati au mazito. Jipime hivi: usibonyeze kitu, chomoa mrija mdogo wa pistoni ya pili. Ukisikia mlio wa "po!", hewa imezibwa vizuri. Ukitoka kimya, ama mrija wenyewe umelegea au pistoni imelika, na mafuta mepesi hayataisaidia.

Joto nalo lina neno. Wakati wa kaskazi huku kwetu nyuzi 30 ni jambo la kawaida, na mafuta yakipata joto huwa mepesi zaidi. Ndiyo maana, isipokuwa tarumbeta ni mpya kabisa, tunapendekeza ya kati, ya sintetiki, kwa kuwa hayakauki upesi kama yatokanayo na mafuta ghafi. Ukishachagua aina moja, kaa nayo. Aina mbili zikikutana ndani ya silinda huweza kufanya uji mzito, kwa hiyo osha kwanza kabla ya kubadilisha.

Mafuta ya kupikia yasahau: yakikaa hewani hugeuka gundi. Ya nazi huchacha, na yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi huganda. Ya cherehani hayaharibu chuma lakini ni mazito mno kwa pistoni. Mafuta ya taa yalitumiwa na wapigaji wa zamani na huteleza kweli, ila hukauka haraka, huosha grisi ya mirija, na mvuke wake unauvuta mwenyewe kila upatapo pumzi.

Utando wenyewe huanzia mdomoni. Halua na chai ya maziwa kabla ya kupiga ni sukari inayopulizwa moja kwa moja ndani ya bomba. Sukutua kwa maji matupu kwanza. Ukimaliza kupiga, fungua kitundu cha mate, puliza bila sauti mpaka maji yaishe, tia matone mawili matatu kwa kila pistoni, kisha futa nje kwa kitambaa kikavu, maana chumvi ya upepo wa bahari hula shaba. Usitilie mafuta kwenye vitundu vya vifuniko vya chini: uchafu wote umetua pale, nawe utaurudisha juu.

Anayepiga kila wiki aoshe mara moja kwa mwezi. Jaza beseni maji ya vuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40, kwani ya moto hubandua vanishi. Kwa lita 10 kinatosha kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo. Chomoa pistoni, zipange kwa namba zake juu ya taulo (namba 1 ndiyo iliyo karibu na mdomo wako), kisha mirija. Loweka bomba na mirija nusu saa, pitisha brashi ndefu inayopinda. Pistoni zioshe kando kwa kitambaa, na felti zake (pedi laini za kuzuia kugonga) zisilowe. Ndani ya silinda pitisha kitambaa cha pamba kilichozungushiwa kijiti cha mbao, kamwe si steelwool wala Brasso.

Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe juu ya pistoni. Upanguse kwa kitambaa chenye siki nyeupe, usipitishe dakika 5, suuza mara moja. Ndimu na chumvi ziachie sinia. Suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya kunywa, kausha.

Paka mirija grisi nyembamba na ufute iliyozidi, kwa sababu inayobaki huyeyushwa na mafuta na kuteremkia kwenye pistoni. Tia matone manne matano kwa kila pistoni, iingize, izungushe taratibu mpaka isikike "tik". Hewa ikikataa kupita, pistoni haijakaa sawa au zimebadilishana nafasi.

Rangi ya kijani ndani ni uchafu na huoshwa. Madoa ya waridi ni jambo jingine: zinki imetoka kwenye shaba, na hakuna kusugua kutakakoirudisha. Na kama pistoni moja tu bado inakokota baada ya haya yote, huenda silinda yake imebonyea. Mpelekee fundi, wala usiipapase kwa koleo.