Meya Asiye na Chama: Mwongozo wa Kupiga Kura Grand Rapids kwa Wasemaji wa Kiswahili

Novemba 2024, wapiga kura wa Grand Rapids, Michigan, walipewa karatasi yenye majina ambayo hata bibi zetu kijijini waliyajua: Trump, Harris, na wengine waliokuwa nyuma yao. Meya mpya wa jiji hakuwa miongoni mwa hao wa juu. Kumfikia ilibidi ushuke mpaka sehemu ya nafasi zisizo na vyama, sehemu ambayo mara nyingi huangukia nyuma ya karatasi. Huko waliandikwa David LaGrand na Senita Lenear kwa majina matupu, bila chama wala nembo. LaGrand alishinda, na Januari 2025 akampokea kijiti Rosalynn Bliss, aliyekuwa amemaliza vipindi vyake viwili.

Kwa mtu aliyekulia Tanzania hili ni jambo geni. Kule hugombei hata udiwani bila kudhaminiwa na chama, na meya huchaguliwa na madiwani wenzake. Kenya haina mameya tangu 2013 magavana walipoingia. Mgombea huru anaruhusiwa, ila chama ndicho kinachobeba kura. Kongo, meya kwa miaka mingi amekuwa akiteuliwa kutoka juu. Tumezoea rangi ya chama itutangulie, ndipo jina lifuate. Hapa rangi imeondolewa makusudi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanamageuzi wa Marekani walitaka kuvunja nguvu za wakubwa wa vyama waliokuwa wakigawana kazi na tenda za miji. Katiba ya jiji la Grand Rapids inayofuata utaratibu huo ni ya 1916. Los Angeles, Chicago na Houston nazo huchagua mameya bila chama kwenye karatasi, kwa hiyo mengi ya humu yatakufaa hata kama unaishi kwingine.

Kwanza kabisa: una haki ya kupiga kura?

Kama hujawa raia wa Marekani, usijiandikishe na usipige kura. Grini kadi haitoshi. Hati ya ukimbizi haitoshi. Kulipa kodi miaka yote hakutoshi. Utasikia kwamba kuna miji kama Takoma Park, Maryland, inayowaruhusu wasio raia kumchagua meya. Ni kweli, lakini ni huko, si Michigan.

Mtego wenyewe hauko kituoni siku ya kura. Uko ofisi ya Secretary of State, pale tunapochukulia leseni ya udereva. Tangu wananchi wa Michigan walipopitisha marekebisho ya katiba ya jimbo mwaka 2018, raia anayeshughulikia leseni huandikishwa moja kwa moja kuwa mpiga kura asipokataa. Mhudumu anaongea haraka, foleni ni ndefu, kidude cha saini kinakuuliza maswali, na mgeni aliyefunzwa kwao kutomkatalia mtu wa ofisi anaitikia tu "yes, yes". Swali mojawapo ni kama wewe ni raia. Jibu polepole, na usiposikia vizuri mwambie arudie. Siku utakapoomba uraia, fomu ya N-400 itakuuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini. Mwaka 2024 mwanafunzi kutoka China alishtakiwa hapa hapa Michigan kwa kupiga kura, akiwa na kitambulisho cha chuo na nyaraka za makazi tu. Ukigundua kwamba jina lako limeingia kwenye daftari kimakosa, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutuma N-400. Usinyamaze ukitumaini hawataona.

Aliyekuja kama mkimbizi, hesabu yake ya miaka mitano kuelekea uraia huanzia siku aliyoingia nchini, si siku kadi ilipofika kwenye sanduku la barua. Wengi wanachelewa kuomba kwa kutojua hilo. Mkenya anaweza kubaki na uraia wa nchi zote mbili, Katiba ya 2010 inamruhusu. Mtanzania akila kiapo cha Marekani, wa kwao unakoma, na huo ni uamuzi wa familia, mimi siuingilii.

Asiye raia naye ana nafasi yake. Anaweza kujitolea bila malipo kwenye kampeni, na mwenye grini kadi anaruhusiwa hata kumchangia mgombea fedha. Mwenye viza ya muda haruhusiwi kuchanga. Na yeyote anaweza kwenda kwenye kikao cha jiji na kusema. Anayeishi Grand Rapids hulipa kodi ya mapato ya jiji ya asilimia 1.5, na anayekuja kufanya kazi tu hukatwa asilimia 0.75. Karani wa kodi hakuulizi pasipoti.

Unaishi Grand Rapids kweli?

Swali la kuchekesha, ila liulize. Barua zako zinaweza kuandikwa Grand Rapids na nyumba yako ikawa Kentwood au Wyoming, ambayo ni miji mingine kabisa yenye mameya wao. Posta ina mipaka yake, siasa ina yake. Ingia michigan.gov/vote, weka jina, mwezi na mwaka wa kuzaliwa na namba ya posta (ZIP), utaona mji wako, kata yako, kituo chako, na uchaguzi ukikaribia utaona sampuli ya karatasi utakayopewa. Sampuli hiyo ni dhahabu. Ichape, ikae mezani nyumbani wiki nzima, mbishane juu yake na mkeo au mumeo.

Meya huyu ana nguvu gani?

Hapa ndipo wengi wetu hupotea, kwa kuwa tunamfikiria meya kama gavana. Grand Rapids ina watu karibu 200,000, imegawanywa katika kata tatu, na kila kata ina madiwani wawili. Meya huchaguliwa na jiji zima, huongoza vikao, lakini akipiga kura ni moja kati ya saba. Shughuli za kila siku ziko mikononi mwa meneja wa jiji. Mtanzania amfikirie mkurugenzi wa jiji, tofauti ni kwamba huyu haletwi na Rais: madiwani na meya humwajiri, na wanaweza kumwondoa. Meneja ndiye anayemteua mkuu wa polisi.

Jamii yetu ililijua hili kwa uchungu. Aprili 4, 2022, Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 aliyezaliwa Kongo, alisimamishwa barabarani na askari Christopher Schurr. Kukawa na kukimbizana na kukabana, kisha askari akampiga risasi kisogoni. Baba yake alipozungumza na waandishi wa habari aliongea Kiswahili, na mkalimani akawa pembeni yake. Watu walijaa kwenye vikao vya jiji wakimtaka meya achukue hatua. Lakini askari yule alifukuzwa kazi Juni mwaka huo na Mark Washington, meneja wa jiji. Aliyemfungulia mashtaka ya mauaji ni Chris Becker, mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Kent. Mwaka 2025 baraza la mahakama (jury, raia wa kawaida wanaoamua kesi) lilishindwa kuafikiana, na Becker ndiye aliyeamua kwamba kesi haitarudiwa.

Sasa angalia karatasi ya kura. Mwendesha mashtaka wa kaunti huchaguliwa kwa chama, na Becker ni Mrepublican. Nafasi yake iko kwenye sehemu ya vyama, ile ya juu. Mtu aliyekuwa na hasira ya mauaji yale akaielekeza yote kwa meya, alikuwa anagonga mlango mmoja tu kati ya mitatu. Mwingine ni wa kaunti, na wa tatu ni wa diwani wa kata yake, mwenye kura sawasawa na ya meya katika kumwajiri au kumfukuza meneja.

Meya anachokuwa nacho ni sauti, ratiba ya vikao, ushawishi kwa wenzake sita na nafasi ya kupendekeza watu kwenye bodi mbalimbali. Bajeti ya jiji, ambayo mwaka wake huanza Julai 1, hupita mezani pake. Barabara, theluji, maji, vibali vya ujenzi vinavyogusa kodi za nyumba: hayo muulize. Shule usimuulize. Bodi ya shule huchaguliwa peke yake, nayo pia bila chama.

Kumjua mgombea asiye na rangi

Chama hakiandikwi kwenye karatasi, ila hakifutiki kwenye historia ya mtu. LaGrand aliwahi kuwa mbunge wa jimbo kupitia Democratic, na kabla ya hapo diwani. Lenear naye alikuwa diwani wa Kata ya Tatu. Wote wawili walikuwa na rekodi ya kura za vikao ambayo mtu angeweza kuifuatilia: nani aliunga mkono bajeti gani ya polisi, nani alisema nini kuhusu makazi. Mimi huanzia hapo. Vipeperushi vinavyoletwa mlangoni wote huahidi nyumba nafuu na usalama, wakitofautiana kwa picha tu.

Halafu tazama fedha. Wagombea wa jiji huwasilisha taarifa za michango kwa karani wa kaunti, na ni za wazi. Ukiona wajenzi wa majengo wamejaa kwenye orodha ya mmoja na chama cha polisi kwenye ya mwingine, umeshajua kitu ambacho karatasi ya kura haikwambii. Nikiri kwamba mfumo huu siupendi mzima mzima: chama kikiondoka, jina lililozoeleka na mfuko mzito hupata nafasi kubwa zaidi.

Wagombea hupita makanisani na misikitini Jumapili na Ijumaa za mwisho. Wakija kwenu msiwaachie dakika tano za salamu na picha. Mtafutieni mkalimani mzuri, mmuulize jambo moja linalojibika: "Je, utapiga kura kuweka fedha za wakalimani wa Kiswahili kwenye bajeti?" Akijibu kwamba anaipenda sana jamii yetu, rudieni swali.

Karatasi yenyewe

Agosti kuna mchujo. Ule wa Agosti 6, 2024 ndio uliowabakiza LaGrand na Lenear. Kwenye mchujo, sehemu ya vyama inakutaka ubaki kwenye safu ya chama kimoja. Ukichanganya, kura zako za sehemu hiyo zinaharibika. Sehemu isiyo na chama haihusiki na katazo hilo, yeyote anaijaza.

Novemba kuna mtego mwingine. Michigan hukuruhusu kujaza kiduara kimoja juu kabisa na kukipa chama chako kura zote za sehemu ya vyama. Mtu anajaza, anaona amemaliza, anaondoka. Kiduara kile hakimgusi meya. Hakigusi majaji wala bodi ya shule. Geuza karatasi, shuka mpaka chini, jaza kila kiduara chote kwa kalamu nyeusi au ya bluu, usiweke alama ya vema pembeni. Kisha unaiingiza mwenyewe kwenye mashine, unapewa stika. (Mwaka 2024 stika mojawapo ilikuwa ya mbwamwitu anayejirarua shati, imechorwa na mtoto. Watu waliigombania kuliko wagombea.)

Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Ukiwa kwenye foleni saa hiyo, utapiga kura. Beba kitambulisho chenye picha. Ukikisahau, unasaini tamko na kupiga kura kama kawaida. Fulana ya mgombea iache nyumbani, kampeni hairuhusiwi ndani ya futi 100 za mlango. Wanaofanya kazi zamu mbili wana siku tisa za kupiga kura mapema, au kura ya posta isiyohitaji sababu yoyote. Kwa ya posta, angalia saini: italinganishwa na ile iliyoko kwenye kumbukumbu, na wengi wetu tulisaini leseni kwa mwandiko wa shule, kisha tukabadilika. Kama hukujiandikisha mapema, unaweza kujiandikisha kwa karani wa jiji hata siku yenyewe ya uchaguzi, ukiwa na uthibitisho wa makazi. Foleni ya hapo ndiyo ndefu kuliko zote.

Kuhusu lugha: sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za kura katika lugha nyingine inataja Kihispania, lugha za Asia na za wenyeji wa Marekani. Kiswahili hakimo. Lakini Sheria ya Haki za Kupiga Kura inampa asiyeweza kusoma karatasi haki ya kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe: mke, jirani, mwanawe mtu mzima, ndugu wa kanisani. Asiwe mwajiri wake, mtu aliyetumwa na mwajiri, wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Msimamizi akisitasita, mwambie asome kifungu cha 208, au amuite mkuu wa kituo.

Ukiwa mji mwingine

Usichukue ya Grand Rapids ukayapeleka yote kama yalivyo. Portland, Maine, na Minneapolis hukutaka uwapange wagombea kwa upendeleo, wa kwanza, wa pili na kuendelea. Minneapolis mwisho ni watatu. Kumwandika mtu mmoja mara tatu hakumwongezei kitu. South Portland, mto tu ukivuka kutoka Portland, meya huchaguliwa na madiwani, na ndivyo Deqa Dhalac, mzaliwa wa Somalia, alivyopata kiti hicho mwaka 2021: kura ya mwananchi ilimfikia kupitia udiwani. Kwa hiyo piga simu kwa karani wa mji wako uulize mambo matatu: meya anachaguliwa na nani, mchujo uko mwezi gani, na nani anamwajiri mkuu wa polisi. Grand Rapids yenyewe itachagua meya tena 2028, ila madiwani huchaguliwa kwa awamu kila baada ya miaka miwili, na diwani wa kata yako anaweza kuwa kwenye karatasi ijayo.