Kabla basi la shule halijatoka Mwanza kwenda baharini

Kila likizo ya Juni inapokaribia, simu za walimu wa huku kanda ya ziwa hazikatiki: tunataka kuwapeleka vijana wa kidato cha kwanza na cha pili Bagamoyo, tujiandae vipi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni haya, kisha mtu akibaki na swali ndipo apige.

Kibali kwanza. Barua ya mkuu wa shule, ruhusa ya ofisa elimu, na fomu ya mzazi yenye sahihi na namba ya simu inayopatikana, si namba ya jirani. Anayekuja alfajiri ya safari na maneno ya "mama amesema sawa tu" anabaki, hata kama begi lake limeshapakiwa na analia.

Basi likaguliwe na trafiki siku moja kabla. Ukisubiri asubuhi ya safari, watoto wameshapanda na wanaimba, hakuna mwalimu mwenye ubavu wa kusema hili basi haliendi. Mkanda ufungike kila kiti, jaribu mwenyewe kwa mkono. Madereva wawe wawili na wote uwaone kwa macho, kwa sababu kuna wenye mabasi ambao dereva wao wa pili anaishi kwenye mkataba tu. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, na ukifika Dar bado Bagamoyo iko mbele. Akitokea mtu wa kukwambia mtafika siku hiyo hiyo "kwa kukaza", mwambie akaze peke yake. Laleni Singida au Dodoma. Siku hizi zipo shule zinazoacha basi Dodoma na kuwapandisha watoto treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar na Dodoma tangu 2024. Watoto wanaipenda mno, wengine kuliko hata bahari yenyewe. Ila hakikisha kuna gari linawasubiri stesheni upande wa Dar. Watoto arobaini na mabegi yao hawaingii kwenye daladala.

Mavazi hayana maneno mengi. Sisi huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ziwa linatupuliza. Pwani joto lina unyevu na jasho halikauki. Kila mtoto na chupa yake ya maji, nguo nyepesi, sweta moja ya usiku wa Singida, na raba kuukuu za kuingilia majini. Ndala hazifai, matope yanazivua. Wasichana wabebe khanga, na matroni awe na pedi za kutosha, hata kwa wale walioapa kwamba hawatazihitaji wiki hiyo. Bagamoyo ni mji wa watu wenye heshima zao: kaptura ya kuogelea inaishia ufukweni, haipiti sokoni. Ulizieni vyandarua mnakolala kabla hamjalipa, si baada.

Chakula: ongea na mpishi siku ya kwanza apunguze tui. Mtoto aliyekuzwa kwa ugali na sato akipakuliwa wali wa nazi na maharage ya nazi chakula cha mchana, saa tisa mnatafuta choo cha njiani.

Halafu wafundisheni kabla hawajaondoka. Shule nyingi hulipia safari yote hiyo, kisha mtoto anasimama Kaole, nje kidogo ya Bagamoyo, mbele ya magofu ya msikiti wa karne ya 13 na kuuliza soda zinauzwa wapi. Si kosa lake, hakuna aliyemwambia anaenda kuona nini. Wapeni maswali ya kuandika majibu: misheni ya Wakatoliki ya Bagamoyo ilianzishwa lini (1868), mwili wa Livingstone ulipitishwa hapo mwaka gani (1874), makao makuu ya Wajerumani yalihamia Dar es Salaam lini (1891). Na msiwanyime habari ya wapagazi. Misafara iliyoshuka Bagamoyo na pembe za ndovu ilibebwa mabegani na Wanyamwezi na Wasukuma, waliotembea kwa miezi njia ile ile ambayo nyinyi mmeipita mkiwa mmekaa. Watoto wa Kisesa na Magu wakisikia hivyo, darasa linanyamaza na kalamu zinatoka zenyewe.

Sasa bahari.

Mtoto wa Mwanza haogopi maji, na hapo ndipo hatari ilipo. Amekua na ziwa. Anajua mamba, anajua kiboko, ameshamezeshwa dawa za kichocho shuleni, na ukimwambia baharini hakuna kichocho anakuona umempa ruhusa. Wengine wametoka Ukerewe na wanaogelea kuliko mwalimu wao. Lakini ziwa letu halikupwi wala halijai kwa saa. Mwaka 2020 lilipopanda mpaka likaingia kwenye mialo na nyumba za kandokando, lilichukua miezi, watu wakawa wanahamisha vitanda polepole. Bahari inafanya kazi hiyo kwa saa sita, kila siku, mara mbili. Kwenye vitabu vya jiografia tunafundisha kupwa na kujaa kwa mchoro wa mwezi na mishale; mtoto anapata alama zote na bado hajui kwamba mishale ile inaweza kumfika kifuani.

Nililiona kwa macho. Tulikuwa tumeongozana na shule nyingine ya huku huku ziwani, sitaitaja. Ilikuwa siku za mwezi mpevu, saa nne asubuhi, na maji ya Bagamoyo yalikuwa yamerudi mbali kiasi kwamba watoto walidhani bahari imekauka. Mchanga mtupu, ngalawa zimelala ubavu, kaa wanakimbia. Wenzetu wakashuka hadi kwenye fungu la mchanga lililoinuka mbali na ukingo, wakavua viatu, wakavipanga mstari safi kabisa, mabegi yakawekwa pembeni ya viatu, na watoto wakakaa kuchora ufukwe kwa ajili ya ripoti yao. Mwalimu wao alikuwa mzuri, tena wa jiografia.

Maji hayaji kutoka mbele unakoangalia. Yanaingia nyuma yako, kwenye mikondo mifupi ambayo asubuhi uliiruka bila kuiona, na fungu ulilokalia ndilo la mwisho kulowa. Kwa hiyo umekaa pakavu, unachora, na njia ya kurudi inajifunga kimya kimya. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu wa jarife kando ya ngalawa alianza kupunga mkono.

"Nyie wanangu, tokeni huko! Maji yanajaa!"

"Shikamoo mzee," mwalimu akajibu kwa sauti, akitabasamu. "Tunamalizia kuchora."

"Marahaba. Njooni mmalizie huku!"

Watoto wakacheka. Walidhani mzee anawafukuza kwenye eneo lake la uvuvi. Dakika chache baadaye raba moja ya mwisho wa mstari ikageuka yenyewe, ikaanza kuelea. Hapo ndipo wote wakasimama na kutazama nyuma. Mkondo uliokuwa wa kifundo cha mguu ulikuwa umefika kiunoni kwa mtu mzima, na unavuta kwa pembeni. Mzee hakungoja kuombwa. Alikuja na vijana wawili na kamba ya ngalawa, wakasimama ndani ya maji na kuwapitisha watoto mmoja mmoja, wafupi mabegani. Kijana mmoja wa Ukerewe aliyejivunia kuogelea alitaka kurudi kufuata mabegi. Mzee akamkamata shati, akamsukuma nchi kavu bila neno.

Watoto wote walitoka. Viatu vilikwenda. Na kwenye moja ya mabegi yale kulikuwa na sanduku la dawa la shule, pamoja na fomu zote za wazazi. Begi lilipookotwa jioni, karatasi zilikuwa uji mtupu, wino umeyeyuka, na pampu ya pumu ya msichana mmoja haikuwemo.

Usiku kifua kikambana. Baridi ya maji, hofu, kukimbia, vyote vilikuja pamoja. Hospitalini muuguzi akauliza anatumia dawa gani, mara ya mwisho alilazwa lini, anadhurika na dawa ipi. Matroni alikuwa anajua jina la mtoto na darasa lake. Namba ya mama ilikuwa kwenye fomu. Mkuu wa shule huko Mwanza alikuwa amelala na simu imezimwa. Ilibidi mtoto mwenyewe, pumzi zikipanda na kushuka, aandike namba ya nyumbani kwenye kiganja cha matroni. Kulipopambazuka alikuwa anapumua vizuri na anadai chai, lakini sijasahau ule mwandiko.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kabla ya kupanga tarehe, tazama mwezi. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo ni bamvua: maji hukupwa sana na kujaa sana, tofauti inaweza kupita mita tatu, na kwa pwani ile hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, kisha hujaa hadi karibu saa kumi jioni. Kati ya hapo kuna maji mafu, yasiyotembea mbali. Kila siku saa husogea mbele, kama dakika hamsini hivi, kwa hiyo usitumie saa za jana. Bamvua si mbaya kwa masomo, tena ndiyo siku ya kuona viumbe vingi, ila uwe umeshuka wakati maji bado yanarudi na umepanda kabla hayajaanza kugeuka. Lipo jedwali la maji la Bandari ya Dar es Salaam, litafute. Halafu ukifika, muulize mvuvi wa pale pale, na mlipe awe nanyi asubuhi nzima. Atawagharimu kidogo kuliko viatu. Akisema tokeni, mnatoka, picha nusu na kalamu hewani.

Mabegi hayashuki mchangani. Dawa za dharura zinakaa mwilini mwa matroni, kwenye kibegi cha kiunoni, si kwenye sanduku zuri lenye msalaba mwekundu. Orodha ya maradhi na namba za wazazi iwe nakala tatu: kwa matroni, kwenye basi, na kwenye simu ya mtu aliyebaki Mwanza ambaye amekubali kutozima simu usiku.

Mengine ya majini kwa haraka. Waburute miguu wanapotembea kwenye maji ya magotini, wasiinue, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani asikie na kuondoka. Akimchoma mtoto, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia na umpeleke hospitali. Yavuyavu haguswi hata akiwa amekufa ufukweni. Kombe lenye mnyama ndani na kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, vinabaki baharini. Vikipakiwa kwenye basi, kufika Manyoni hakuna anayeweza kuvuta pumzi. Ngalawa za "buku mbili mbili mzungushe watoto" zikatae. Juni ni wakati wa upepo wa kusi na bahari inachafuka. Mkipanda chombo chochote, kila mtoto avae jaketi la kujiokolea lililomtosha, limefungwa. Sisi tuliozika watu wa MV Bukoba, meli iliyozama ziwani, pale Igoma mwaka 1996 hilo hatuelezwi.

Simu za watoto zikusanywe saa tatu usiku. Pesa ya mfukoni isizidi kiwango mlichokubaliana na wazazi, maana mwenye nyingi ndiye atakayeibiwa, na safari nzima itageuka kesi. Kuhesabu watoto kusiwe kwa kutazama viti. Waite majina, kila mmoja aitike mwenyewe, wapo wanaomwitikia rafiki aliyeko dukani. Wakati wa kurudi walimu wamechoka na ndipo mtoto husahaulika kwenye choo cha kituo cha mafuta: hesabu Dodoma, hesabu Singida, hesabu Nzega. Na mkiingia Mwanza usiku, usimkabidhi mtoto kwa bodaboda aliyesema ametumwa na baba. Mpigie baba.