Igizo la Tuseme: ninavyoliandaa na wanafunzi wangu

Huu ni mwaka wa tisa nalea klabu ya Tuseme, ambamo wanafunzi husema yanayowakwamisha kwa njia ya maigizo, katika sekondari moja ya kata, Kisarawe. Walimu wanaoanza huniuliza: "Mwalimu, igizo tunalipata wapi?" Halipatikani dukani wala maktaba. Wanafunzi wanalo tayari.

Ujue kwanza njia hii imetoka wapi, maana ukiijua hutaigeuza kuwa mashindano ya ngonjera. Mapema miaka ya 1980, Amandina Lihamba na Penina Mlama, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakatengeneza michezo pamoja na wanakijiji kuhusu mambo yaliyowasumbua, mimba za wasichana zikiwemo. Mwaka 1996 kazi ya namna hiyo ikaingia sekondari kwa jina la Tuseme. Lihamba ni mwigizaji mkubwa. Aliyemwona katika filamu ya Maangamizi (2001) anajua. Kwangu mimi, kikubwa zaidi ni kwamba mtu wa kipaji kile alitumia miaka yake kuwapa wengine nafasi ya kusema.

Basi wiki ya kwanza usiguse uigizaji. Tenga wasichana na wavulana, gawa vikaratasi visivyo na majina, kila mmoja aandike kinachomkwamisha. Mwaka juzi wasichana wengi waliandika "kuchelewa namba", yaani kufika shule asubuhi wenzao wakiwa wameshahesabiwa. Tukauliza kwa nini. Foleni kisimani. Kwa nini uende wewe na si kaka yako? Darasa likanyamaza. Hapo igizo letu likazaliwa.

Usiandike maneno ya kukariri. Kila onyesho lipe sentensi moja tu, kwa mfano "mama anamtuma binti maji kengele ikiwa karibu kulia", kisha waache waseme kama wanavyosema nyumbani. Kazi yako ni kuuliza: unamwambia nani? Unataka akupe nini?

Msichana aliyeigiza binti alikuwa anabeba ndoo tupu kichwani huku akijibizana na mama yake kwa madaha. Nikaijaza maji, lita 20. Shingo ikakaza, mkono ukapanda kushika ukingo, na yale maelezo marefu yakawa "Ndiyo mama" basi. Tulifanya mazoezi siku tatu na ndoo iliyojaa. Siku ya onyesho ilikuwa tupu tena, lakini mwili wake haukusahau.

Ngoma isiwe pambo la mwanzo na mwisho. Sisi tuna mdundiko, ngoma inayotembea, kwa hiyo tunaanzia barabarani, tunapita kwenye vibanda na gengeni, watu wanatufuata wenyewe hadi chini ya mwembe. Hapo wakae nusu duara, karibu kabisa. Ukiwa na jukwaa la mbao, liache stoo.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea: usimalize hadithi. Baba anapotamka kwamba binti aache shule, simamisha hapo hapo. Mwanafunzi mmoja, mliyemwandaa kuwa mraghbishi, yaani wa kuwachochea watu waseme, awageukie watu: "Wazee wetu, huyu binti afanye nini?" Patakuwa kimya. Kivumilie. Mwaka wangu wa kwanza nilikijaza kile kimya kwa hotuba, watu wakanipigia makofi na kwenda zao. Hakuna aliyesema lolote.

Mwaka juzi tulisubiri mpaka baba mmoja akainuka nyuma, akaja kati, akaichukua ile ndoo akampa kijana aliyeigiza kaka. "Na wewe una kichwa," akamwambia. Wamama wakapiga vigelegele, ubishi ukaanza, ukaenda hadi magharibi. Usiuzime ubishi huo. Mwenye hoja tofauti mwite aigize anavyoona yeye. Mtu hujisikia vingine akisimama mahali pa binti.

Awepo katibu mwenye daftari, aandike kila ahadi na aliyeitoa, kwa ridhaa yake. Baada ya wiki mbili rudini mkaulize, kwa upole, bila kumwumbua mtu. Safari ile daftari lilikuwa na ahadi saba. Nne tulizikuta zimetimizwa, na muhula uliofuata klabu ilianza kazi na zile tatu.