Somo: Kuzitafuta, kuzipima na kuziandika dhana tangulizi za utafiti

Dhana tangulizi ni jambo unalolichukulia kuwa kweli ili utafiti wako usimame. Tasnifu nyingi, ukifika sura ya mbinu, zina sentensi hii: "Inadhaniwa kuwa wahojiwa watajibu kwa ukweli." Haina kazi. Haisemi swali lipi litajibiwa kwa uongo, wala matokeo yataegemea upande gani.

Hatua ya 1. Anza na hitimisho unalolitarajia, urudi nyuma ukiuliza: lipi lazima liwe kweli ili hili lisimame? Hojaji ya saa za kujisomea inadai mhojiwa akumbuke, aseme anachokumbuka, na aelewe "kujisomea" kama wewe.

Hatua ya 2. Inayopimika, ipime. Isiyopimika (mfano: waliokataa kujibu wanafanana na waliojibu) itetee kwa hoja, na useme ikivunjika matokeo yatapanda au yatashuka.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanahangaika na msambao wa kawaida (data kutawanyika kwa umbo la kengele), wanasahau kama data zinategemeana. Chukua wanafunzi 600 wa madarasa 20, 30 kila darasa. Wa darasa moja wana mwalimu mmoja, hivyo hufanana. Uwiano wa ndani ya darasa (kipimo cha jinsi wa darasa moja wanavyofanana) ukiwa 0.1, tafuta kwanza namba ya kugawia sampuli, kisha gawa:

1 + (30 − 1) × 0.1 = 3.9
600 ÷ 3.9 ≈ 154

Kwa kukadiria wastani, una taarifa za watu 154 tu. Ukiwahesabu 600, kosa sanifu (kipimo cha jinsi wastani unavyoweza kuyumba toka sampuli moja hadi nyingine) litatoka karibu nusu ya lilivyostahili, na "tofauti" zisizokuwepo zitajitokeza.

Hatua ya 4. Kabla ya kukusanya data, andika dhana, kipimo chake, na utakachofanya ikivunjika.

MASWALI

Swali: Mkuu, Shapiro-Wilk, jaribio la kupima msambao wa kawaida, imenipa p = 0.03, sampuli 800. Niache jaribio la t (la kulinganisha wastani wa makundi mawili)?
Jibu: Si kwa sababu hiyo pekee. Kwa watu 800 hata mpindo usio na madhara hunaswa na kutoa p ndogo, yaani dalili kwamba msambao si wa kawaida. Tazama mchoro wa Q-Q (nukta zikifuata mstari ulionyooka, msambao unakaribia wa kawaida), kila kundi peke yake. Kwa watu 12 ni kinyume: p kubwa haithibitishi chochote.

Swali: Mimi nafanya mahojiano tu, sina takwimu. Hili linanihusu?
Jibu: Sana. Ukiandika "baada ya watu 12 hakukuwa na jipya", umedhani hawakutoka kundi moja. Kama ulielekezwa na mmoja kwa mwenzake, huenda wanarudia yale yale kwa kuwa wanafahamiana, si kwa kuwa mada imekwisha. Tafuta wengine wawili watatu kwa njia tofauti kabisa, kisha linganisha.