Great Dane anakua vipi: namna ya kumpima, kumlisha na kujua atafika wapi

Wanaonunua watoto wa Great Dane, mbegu ya mbwa warefu sana, huniuliza swali moja kuliko yote: "Mbona wangu amekonda?" Mbwa ana miezi 4, miguu mirefu, ubavu mmoja au mbavu mbili zinaonekana akigeuka, na jirani ameshasema hashibi. Mara nyingi mbwa huyo yuko sawa kabisa. Mimi hunitia wasiwasi yule mnene ambaye kila mgeni anamsifia. Kimo kiko kwenye damu ya wazazi. Chakula cha kupita kiasi hakimwongezei kimo hicho, kinamfikisha haraka tu, viungo vikiwa bado havijawa tayari kubeba uzito.

Hatua ya 1: Jua anakoelekea

Kwa kiwango cha FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, dume awe na angalau sentimita 80 begani na asizidi 90. Jike angalau 72 na asizidi 84. Uzito wa dume aliyekomaa ni kama kilo 54 hadi 90, jike kilo 45 hadi 59. Pengo hilo ni pana, kwa hiyo nenda ukawaone wazazi wakiwa wamesimama. Dume mlinganishe na baba yake, jike na mama yake. Nyayo zisikudanganye, kila mtoto wa mbegu kubwa ana nyayo kubwa.

Wapo wanaonitajia Zeus, Great Dane wa Michigan, Marekani, aliyefika sentimita 111.8. Huyo ni wa kwenye rekodi za dunia, na alikufa mwaka 2014 akiwa na miaka 5. Usimfanye kipimo cha mbwa wako.

Hatua ya 2: Mpime ipasavyo

Uzito pima kila wiki, siku ileile, kabla hajala. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Akishakuwa mzito wa kubebwa, tafuta mizani ya jukwaa kwa daktari wa mifugo au kwa wauza nafaka. Tandika kipande cha mkeka juu yake, la sivyo atateleza na hatakubali kupanda tena.

Kimo ndicho wengi wanakosea. Haupimwi utosi, linapimwa bega: pale nyuma ya shingo ambapo ncha za mifupa ya bega zinakutana. Msimamishe kwenye sakafu ngumu, ubavu ukigusa ukuta, miguu ya mbele ikiwa wima. Mtu mmoja akae mbele yake na kipande cha nyama usawa wa pua, ili kichwa kisiinuke wala kuinama. Wewe laza pima maji ya fundi juu ya bega, ncha moja iguse ukuta. Kiputo kikitulia katikati, chora alama kwa penseli, mwondoe mbwa, kisha pima kutoka sakafuni. Rudia mara tatu, uandike kipimo cha katikati. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Hatua ya 3: Soma mwenendo wa uzito

Kwa makadirio, wiki ya 8 ana kilo 7 hadi 11; miezi 3, kilo 13 hadi 20; miezi 4, kilo 22 hadi 30; miezi 6, kilo 34 hadi 45; mwaka mmoja, kilo 45 hadi 65. Majike hukaa upande wa chini. Akiwa nje kidogo ya namba hizi si tatizo. Tazama mwenendo: uzito ukiruka ghafla, punguza chakula, ukisimama wiki mbili au ukishuka, fikiria minyoo au ugonjwa, mpeleke kwa daktari.

Kuna miezi matako yatakuwa juu kuliko mabega, kisha mabega yapande. Ni kawaida. Sehemu kubwa ya kimo huwa imepatikana kabla ya mwaka kuisha.

Hatua ya 4: Weka mkono mbavuni

Pitisha viganja pande zote mbili. Uhisi kila ubavu bila kubonyeza. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane. Kutoka ubavuni, tumbo lipande kuelekea nyuma. Mifupa ya nyonga na uti wa mgongo ikichomoza, hapo kweli amekonda.

Hatua ya 5: Chakula, na hasa kalisiamu

Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa Great Dane wenyewe. Waliolishwa bila kikomo walipata matatizo zaidi ya mifupa na viungo kuliko waliopimiwa. Baadaye watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha madhara ya kalisiamu nyingi. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hivi hawezi kuikataa vizuri tumboni, ukimpa, inaingia. Kwa hiyo kama anakula chakula cha dukani cha watoto wa mbegu kubwa, usimwongezee dawa ya kalisiamu, unga wa mifupa wala DCP ya ng'ombe (unga wa madini ya kalisiamu na fosforasi). Naisema kwa msisitizo, maana duka la dawa za mifugo litakuuzia bila kukuuliza anakula nini. AAFCO, muungano wa maofisa wa chakula cha mifugo Marekani, umeweka kikomo cha asilimia 1.8 ya kalisiamu, maji yakishatolewa hesabuni.

Ugali na nyama tupu huleta shida ya upande wa pili: fosforasi nyingi, kalisiamu kidogo, mifupa inakuwa laini na miguu inapinda. Hapo usikisie kwa kijiko. Mwandikie daktari kila unachompikia, akupigie hesabu.

Mgawie mara 3 kwa siku hadi miezi 6, kisha mara 2 maisha yake yote. Tunamgawia kwa sababu kifua kirefu kama chake hukaribisha tumbo kujaa gesi na kujipinda.

Hatua ya 6: Linda viungo

Tandika mazulia kwenye vigae. Asiruke kutoka nyuma ya pikapu, asikimbizwe na baiskeli kabla ya miezi 18. Kucheza kwenye nyasi kwa hiari yake ni sawa. Kuhasi mapema huchelewesha kufunga kwa gegedu la ukuaji kwenye ncha za mifupa, kwa hiyo panga muda na daktari.

Hatua ya 7: Jua lini ukimbilie kwa daktari

Kuchechemea kunakohama mguu hadi mguu kuanzia miezi 5 mara nyingi hupita, lakini kunauma na kunahitaji daktari. Uvimbe juu ya kifundo cha mguu wa mbele, pamoja na homa na kukataa chakula, ni safari ya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo akianza kuyumba miguu ya nyuma au kuburuta kucha.

Akipita miezi 18 na kimo kikabaki palepale miezi mitatu mfululizo, acha kupima kimo. Mizani usiiache: kifua kinaendelea kujaa hadi miaka 2 au 3, na dawa ya minyoo hupimwa kwa kilo.