Jinsi ya kuombea jahazi la mizigo usajili na cheti cha ubora, Tanzania Bara

Mwongozo huu ni wa mwenye jahazi au mashua ya mizigo inayofanya safari za ndani: Tanga, Pangani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Mafia, Kilwa, Lindi, Mtwara. Upande wa Bara, anayesajili na kukagua ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanza kazi 2018 na kurithi majukumu ya majini ya SUMATRA, iliyokuwa mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu na majini. Chombo ambacho maskani yake ni Unguja au Pemba hupelekwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Usianzie huku ukamalizie kule.

Tambua kwamba unaomba vitu viwili. Usajili unaeleza chombo ni cha nani na kinaitwaje. Cheti cha ubora kinasema kinafaa kuingia baharini, na hicho huhuishwa kila mwaka. Wengi wakishapata namba ya usajili hudhani wamemaliza.

1. Thibitisha umiliki

Hapa ndipo waombaji wengi hukwama, kwa sababu jahazi lililoundwa ufukweni mara nyingi halina karatasi hata moja. Fundi alilipwa mkononi, basi. Mwendee akiwa bado hai na anakukumbuka. Akuandikie barua yenye mahali alipoliunda, mwaka liliposhushwa majini, urefu wake na aina ya mbao, kisha atie sahihi mbele ya mashahidi. Ukiwa umenunua, leta hati ya mauziano. Ukiwa umerithi, leta hati za mirathi kutoka mahakamani, na ndugu mkubaliane kabisa majina ya kuandikwa. Ongeza kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi na picha za chombo pande zote.

2. Chagua jina, jaza fomu, lipa

Pendekeza majina mawili au matatu. Subira na Tawakal yamejaa pwani nzima. Malipo hufanywa benki au kwa simu kwa namba ya kumbukumbu utakayopewa. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akikuahidi kuharakisha.

3. Andaa ukaguzi

Omba ukaguzi uangukie siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Maji yakipwa jahazi hukaa juu ya mchanga, na mkaguzi anaona mkuku (uti wa chini wa chombo) na mbao za chini zote. Yakijaa, anaona kama linavuja. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, hatapata nafasi hiyo, na huenda ukaambiwa urudi.

Kalafati (kuziba nafasi kati ya mbao) iwe imekamilika na mataruma, yaani mbavu za chombo, yaliyooza yabadilishwe, lakini usipake rangi mpya kabla hajafika. Rangi mbichi huficha ufa, na mkaguzi mzoefu ataitilia shaka. Safisha ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika, na pampu ifanye kazi mbele yake. Kama kuna injini, mafuta yasivuje.

Vifaa viwe ndani ya chombo, visiwe dukani wala nyumbani: jaketi okozi kwa kila baharia, maboya, kizimamoto, dira, nanga yenye kamba ya kutosha, fataki za dharura, sanduku la huduma ya kwanza, taa nyekundu ubavu wa kushoto na kijani wa kulia. Ukiwa na redio ya VHF, kila baharia ajue kuita kwenye chaneli 16.

4. Elewa tani zilizoandikwa

Tani za usajili ni kipimo cha ujazo. Kwa hesabu ya zamani, tani moja ni futi za ujazo 100, yaani meta za ujazo 2.83. Kwa hiyo jahazi la tani 30 halijaruhusiwa kupakia mifuko 600 ya saruji ya kilo 50. Kiasi cha shehena kinaamuliwa na ubao unaopaswa kubaki juu ya maji. Muulize mkaguzi alama ya mwisho wa maji ubavuni iko wapi, na nahodha awepo akisikia. Nalisisitiza hili kwa sababu vyombo vingi huzama kwa kujazwa kupita kiasi. Na cheti cha mizigo hakiruhusu abiria, hata mmoja aliyeomba lifti kwa huruma.

5. Kila safari

Peleka kwa ofisa wa bandari hati ya shehena na orodha ya mabaharia ili upewe ruhusa ya kutoka. Boriti, mbao na mkaa vinahitaji hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu. Mzigo wa kwenda au kutoka Zanzibar hupita forodha. Ukipakia bandari bubu, isiyo rasmi, huna hata hati moja kati ya hizi, na likitokea jambo hakuna anayejua kwamba uliondoka.

Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kung'oa nanga, hasa wakati wa kusi, upepo mkali wa kutoka kusini. Nakala ya orodha ya mabaharia mwachie mtu wa nchi kavu, pamoja na saa mnayotarajia kufika na namba ya simu ya bandari mnayoiendea.