Kuweka usukani wa umeme kwenye gari ulilojiundia

Kwa gari lililoundwa nyumbani, chukua shina la usukani lenye mota yake ya umeme na usihangaike na pampu ya mafuta ya usukani. Hakuna mkanda wala mipira ya kuvuja. Magari mengi yaliyotumika huku Lubumbashi yanatoka Japani na usukani wake uko kulia, kwa hiyo kabla ya kununua pima mota inaelekea upande gani: isije ikagusa pedali. Chukua na kompyuta yake ndogo inayoiongoza mota, pamoja na soketi zote. Zikikatwa waya, utapoteza muda bure.

Usigonge shina kwa nyundo. Ndani kuna kihisi cha nguvu ya mkono; kikiumia, usukani huvuta upande mmoja wenyewe, na hapo hakuna dawa ila kununua lingine.

Jointi za msalaba zisipinde zaidi ya nyuzi 30, na uma za ncha mbili za mhimili wa kati, ule unaounganisha shina na boksi la usukani, zilingane, la sivyo usukani utakuwa mzito na mwepesi kwa zamu. Kulehemu mhimili muachie fundi stadi, nyaya za batri zikiwa zimefunguliwa.

Mota huweza kuvuta ampea 50 gari likiwa limesimama. Toa waya wa milimita 10 za mraba moja kwa moja kwenye batri, fyuzi ya ampea 60 karibu na batri, na waya wa chini (wa hasi) mnene vilevile. Waya mwembamba hushusha volti, na msaada wa mota hukatika ghafla unapogeuza.